Flasha ya welding: kwa nini LED ya kuwaka na kuzima tu haidanganyi mtu

Ukisikia mtu anasema flasha ya welding hamaanishi mashine ya kuchomelea, anamaanisha kisakiti kidogo cha LED (kile kitaa kidogo cha elektroniki) kinachoiga ule mwanga wa fundi welding. Wanaotumia sana ni watu wa treni za mfano, wale wa kipimo cha 1:87 (yaani ndogo mara 87 kuliko ya kweli) huko Ulaya, wanakifungia ndani ya kigereji cha mfano halafu wakizima taa ya chumba unaona dirishani kabisa kama kuna mtu mle anaunga geti.

Neno flasha lenyewe tunalijua, mafundi magari wanaita hivyo kile kidude kinachopigisha indiketa. Ni kitu kinachowasha na kuzima chenyewe bila mtu kugusa swichi. Sasa tatizo linaanzia hapo hapo, indiketa inahesabu sawasawa na welding haihesabu. Simama usiku mbali na karakana, usiangalie moto wenyewe maana utalala macho kama yametiwa mchanga, angalia mwanga unavyopiga ukutani: fundi anagusa rodi, inashika, inakatika, inashika tena, inawaka sekunde tatu nne huku inatetemeka ovyo ovyo, mara giza, unasikia nyundo inagonga maganda ya welding, kisha anaanza upya. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuiga, mtetemo usio na mpangilio na yale mapumziko, ukikosa moja tu macho yanashtuka kwamba hii ni taa ya krismasi.

Njia rahisi ni IC (chipu) ya 555, ile aliyoibuni Hans Camenzind na kampuni ya Signetics ikaitoa mwaka 1972, na mpaka leo ni ya bei chee. Ukiifunga kwa mtindo wa astebo, yaani isiyotulia, kapasita (inayotunza chaji) inajaa kupitia rezista mbili, R1 na R2, ikifika theluthi mbili ya volti za betri IC inaimwaga kupitia R2 peke yake, ikishuka hadi theluthi moja inaanza kuijaza tena, na mguu wa 3, ule wa kutoa umeme, unapanda na kushuka kufuata huo mchezo. Mapigo kwa sekunde ni 1.44 ÷ ((R1 + 2R2) × C), rezista kwa omu na C, yaani kapasita, kwa faradi.

Basi unachukua 555 tatu. Ya kwanza R1 kilo-omu 1, R2 kilo-omu 4.7, kapasita mikrofaradi 10, inapiga kama mara 14 kwa sekunde. Ya pili kila kitu sawa ila R2 ni kilo-omu 6.8, inapiga kama mara 10. LED usiipeleke kwenye nethi (hasi ya betri) kama ulivyozoea, ifunge katikati ya miguu ya 3 ya hizo mbili, chanya yake kwa ya kwanza na hasi yake kwa ya pili, na rezista ya omu 330, hapo itawaka tu pale ya kwanza iko juu na ya pili iko chini. Zinapishana, zinakutana, zinapishana tena, ndo ule mtetemo. Mimi mwanzo niliweka kilo-omu 10 kwenye ya pili nikashangaa mbona inajirudia kama wimbo, kumbe hapo inapiga kama mara 7, ambayo ni nusu kamili ya 14, kwa hiyo chagua namba ambazo haziingiliani. Na usitegemee hesabu sana, kapasita za elektroliti zinaweza kupotoka asilimia 20, unajaribu tu kwenye bredibodi (ubao wa kuchomeka vipande bila kuchomelea) mpaka jicho likubali.

Halafu usisahau diodi ya 1N4148, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwa msululu na LED, maana ya pili ikiwa juu na ya kwanza chini LED inapigwa volti saba hivi kinyumenyume na LED nyingi zimeandikiwa mwisho volti 5.

Ya tatu ndiyo fundi mwenyewe. R1 kilo-omu 10, R2 kilo-omu 47, kapasita mikrofaradi 100, inakaa juu kama sekunde 4 na chini zaidi kidogo ya 3. Mguu wake wa 3 unaupeleka kwenye mguu wa 4 wa zile mbili, huo mguu wa 4 ukishushwa IC inanyamaza. Ndo mapumziko ya kugonga maganda hayo.

Tumia volti 9. Kuna anayejaribu chaja ya simu ya volti 5 kisha analalamika LED imefifia, ni kwa sababu 555 ya kawaida inakula karibu volti moja na nusu au zaidi kwenye mguu wa 3, na LED nyeupe inataka kama volti 3, ukitoa na diodi hakuna kinachobaki. Ila betri ya volti 9 haitadumu na IC tatu, adapta ni bora.

Rangi chukua nyeupe ile ya baridi inayoelekea bluu, ya njano itafanana na mshumaa. Na LED yenyewe igeuze iangalie ukuta wa ndani wa kibanda, isimwangalie mtazamaji, akiona kile kidoti chenyewe kazi yote imeharibika.