Geuza Chombo Utazame Mgongo: Udi, Pipa na Biwa

Sisi tunaounda udi, kinanda cha nyuzi cha Waarabu, hatuanzi na sauti ya chombo, tunakigeuza kwanza. Mgongo wa udi ni vibao vyembamba vilivyokunjwa kwa moto na kugundishwa kimoja kando ya kingine juu ya kalibu, na nikipitisha kidole nahesabu viungo vyake vyote. Pipa ya Wachina (silo lile la maji) na biwa ya Wajapani hazina viungo hivyo, kwani mgongo wake kwa kawaida umechongwa kutoka kwenye kipande kizima cha mti, kama gambusi la Yemen lililofika pwani yetu.

Vyombo hivi vitatu ni wa ukoo mmoja, wenye asili katika vinanda vya shingo fupi vya Uajemi na Asia ya Kati. Barbati, kinanda cha kale cha Waajemi, nayo ilichongwa kwa kipande kimoja. Kwa hiyo, kwa upande wa mgongo, waliohama mbali zaidi ndio waliobaki karibu na babu yao, ilhali udi, jirani wa Uajemi, ulibadilika mwili mzima.

Ushahidi wa safari hiyo ninaoupenda umo katika ghala la Shosoin mjini Nara, Japani, lililopokea hazina za Mfalme Shomu mwaka 756 baada ya kifo chake. Humo imo biwa ya nyuzi tano iliyoundwa kwa msandali mwekundu, na penye gamba la ng'amba linaloukinga uso wake pamepambwa, kwa ganda la konokono wa baharini linalong'aa, mtu aliyepanda ngamia huku akipiga kinanda. Ngamia si mnyama wa Japani. Picha hiyo ilisafiri na chombo kutoka njia za misafara.

Mikono nayo iliachana njia. Wachina wa enzi ya Tang (karne ya 7 hadi ya 10) walikilaza chombo na kuzipiga nyuzi kwa kibao kipana cha mkononi, kisha taratibu wakahamia kwenye kucha na kukisimamisha wima. Pipa ya leo ina vigawa-sauti (vile vizuizi vilivyopangwa chini ya nyuzi, kidole kinapokandamiza) vipatavyo 30. Biwa ya muziki wa kasri la Japani imebaki na vinne tu, ingali inalazwa, na kibao hakijaondoka mkononi. Udi hauna vigawa-sauti kabisa, shingo yake ni laini, na ndiyo maana kidole cha mpigaji huweza kusimama kwenye zile sauti za maqamu (mifumo ya lahani ya Waarabu) zilizo katikati ya nota mbili, ambazo pipa haizifikii ila kwa kuuvuta uzi pembeni.