Asilimia halisi ya mitupo ni nini?

Mabishano ya nani mkali zaidi baada ya mechi ya mpira wa kikapu pale ukumbi wa Nyayo, Nairobi, huishia kwenye jumla ya pointi: huyu kafunga 20, yule 14, basi. Lakini pointi 20 zilizotafutwa kwa mitupo 25 zimeiumiza timu, maana mingi ya mipira ile mwenzake angeitumia vizuri zaidi. Asilimia halisi ya mitupo hupima pointi alizopata mchezaji dhidi ya nafasi alizotumia kuzipata.

Asilimia ya kawaida hugawa vikapu kwa mitupo, na hapo ndipo inapotudanganya. Tuseme wachezaji wawili wametupa mara 10 kila mmoja. Wa kwanza anapenya hadi chini ya ringi, anaingiza 5: asilimia 50, pointi 10. Wa pili anatupia nje ya mstari wa pointi tatu, anaingiza 4 tu: asilimia 40, pointi 12. Asilimia inamsifu wa kwanza, ubao unamsifu wa pili. Tena asilimia hiyo haigusi kabisa mitupo huru, ile ya adhabu, na kuna wachezaji wanaoishi kwayo.

Hesabu yenyewe ni hivi. Chukua mitupo yote ya kawaida, ongeza mitupo huru ikizidishwa kwa 0.44, kisha zidisha jumla kwa 2. Gawa pointi kwa jibu hilo.

Mbona 0.44 na si nusu, ikiwa rafu moja huleta mitupo huru miwili? Kwa sababu si kila mtupo huru unakula nafasi ya timu. Anayechezewa rafu mpira ukaingia hupewa mtupo mmoja wa nyongeza juu ya kikapu chake, na rafu ya kiufundi, kama ya kumfokea mwamuzi, nayo haimalizi zamu ya timu. Tarakimu hiyo ni wastani wa mechi za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kwa hiyo kwetu ni makadirio, ila yanafaa.

Stephen Curry, nyota wa Golden State Warriors ya NBA, msimu wa 2015–16 alifunga pointi 2,375 kwa mitupo 1,598 na mitupo huru 400. Mia nne kwa 0.44 ni 176. Jumla 1,774, mara mbili 3,548. Jibu ni asilimia 66.9. Kwa mtu aliyeingiza mitupo 402 ya pointi tatu, tena akikabwa na watu wawili mara nyingi, hilo ni jambo la ajabu kweli.

Nairobi City Thunder ilipokuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, mwaka 2025, takwimu hizi zilikuwa zinapatikana kwa kila mchezaji. Kwenye mechi za shule na mitaa hazipatikani, kwa kuwa karatasi ya meza ya waamuzi huandika vikapu vilivyoingia na rafu, si mitupo iliyokosa. Kocha anayetaka kumjua mfungaji wake amkalishe mchezaji wa akiba na daftari, apige mstari kwa kila mtupo.