Pointi si faini

Juzi kwenye Hiace ya kutoka Boma Ng'ombe kwenda Moshi, dereva alikuwa anamsimulia abiria wa mbele: "Pale Kwasadala nimepigwa tochi, wakanikata pointi elfu thelathini." Konda akatikisa kichwa kwa huruma. Mimi nikang'ata ulimi, maana si mara ya kwanza kusikia faini ikiitwa pointi.

Pointi za leseni ni alama anazohesabiwa dereva kwa makosa yake ya barabarani. Hesabu ikifika kikomo, anafungiwa leseni kwa muda au inafutwa kabisa. Basi. Shilingi haimo humo.

Shilingi ni ya faini, na hili neno lina asili nzuri. Tumelichukua kwa Waingereza, wao wakalitoa kwa Wafaransa, na mzizi wake ni Kilatini, *finis*, yaani mwisho. Ni hela ya kumaliza shauri. Ndiyo kazi yake mpaka leo: ukishalipa ile 30,000, kosa hilo limekwisha, unakanyaga mafuta. Pointi haziishi kwa kulipa. Uingereza, kosa la kawaida la mwendokasi ni pauni 100 na pointi 3 juu yake. Hela inakwenda, pointi zinabaki. Zikifika 12 ndani ya miaka 3, kwa kawaida unakaa bila leseni si chini ya miezi 6. Mwenye hela anaweza kulipa faini hata kila siku, lakini pointi atahesabiwa sawa na mwenye kigari cha mkopo.

Halafu hilo "kukatwa". Nadhani tumelibeba kutoka kwenye mpira, ambako pointi ni mali na timu ikikosea inanyang'anywa. Kwa Ufaransa linafaa: leseni kamili ina pointi 12, Italia unaanza na 20, na kila kosa linamega. Lakini Uingereza na Ujerumani unaanza na sifuri. Huko pointi ni deni, unaongezewa. Ujerumani zikifika 8, leseni imekwenda. Dereva wa London akikwambia ana pointi 9, mpe pole, usimpongeze.

Nilipofika stendi nikamwambia dereva taratibu, wakati konda ananirudishia chenji: "Kaka, pale Kwasadala ulipigwa faini. Pointi hazina elfu."