Mgonjwa wa dialisisi na zile vitamini za kemisti

Jamani hili lazima niliseme, maana naliona sana pale kwenye dialisisi, ile mashine ya kusafisha damu ya mtu ambaye figo zake zimechoka. Mgonjwa damu imeshuka, viganja vyeupe, akipanda ngazi mbili anahema, basi watu wa nyumbani kwa mapenzi yao wanakimbilia kemisti, multivitamini, dawa ya maji ya kuongeza damu, na juisi ya bitiruti juu yake. Nia nzuri kabisa, lakini mgonjwa wa figo haendi hivyo.

Figo haichuji uchafu tu, ndiyo inayotoa homoni ya erithropoietini ambayo inauamrisha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Figo zikichoka hiyo homoni haitoshi, kwa hivyo ule mchicha ule maini, damu haitapanda vile unavyotarajia. Ndo maana tunawadunga ile homoni yenyewe, na chuma tunakipitisha kwa mshipa mashine ikiendelea, manake vidonge vya chuma kwa wengi wao utumbo hauvinyonyi vizuri, na kila kikao kuna damu kidogo inabaki kwenye mipira na kile kichujio.

Sasa vitamini. Mashine inaondoka na zile zinazoyeyuka kwenye maji, yaani za kundi B, foliki na C, hizo kweli kuna wanaohitaji kurudishiwa, na ni bora uzimeze ukishamaliza dialisisi. Vitamini A ni kinyume chake, haitoki, inajikusanya mwilini mpaka inadhuru ini na mifupa, na multivitamini nyingi za kawaida zinayo. Na ile C ya kuyeyusha kwa gilasi, miligramu 1000, tafadhali msimpe mgonjwa, huwa tunabaki kwenye 60 hadi 100 kwa siku, ikizidi inageuka oksaleti, aina ya chumvi inayojikusanya mwilini, na figo haipo ya kuitoa.

Kuna binti aliniambia, “Sista, mamangu nampa bitiruti asubuhi, dafu jioni, apate nguvu.” Nilishtuka wallahi. Vyote viwili vina potasiamu nyingi, na potasiamu ikipanda inaweza kuusimamisha moyo kabla hata hujafika hospitali.

Wengine wanalalamika mbona sindano ya ile homoni imepunguzwa na himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ni 11.5 tu. Ni makusudi. Kwa mtu wa dialisisi tukiisukuma kupita 13 tunamkaribishia kiharusi na damu kuganda. Na ikiwa sindano unapata na damu haipandi, tunatafuta sababu, katheta (ule mpira wa kwenye mshipa) yenye maambukizi, kuvuja damu tumboni, vikao ulivyoruka. Kuongezewa damu tunakuchelewesha tukiweza hasa kwa anayengoja kupandikizwa figo, kwa sababu mwili unaweza kutengeneza kinga zitakazoikataa hiyo figo.

Wanaodungwa ile homoni nyumbani, dawa ikae frijini nyuzi 2 hadi 8, sio friza, na msiitikise. Ukitoka kuichukua ibebe kwenye kikasha cha baridi bila kugusana na barafu, usiiache kwenye tuktuk na hili jua letu la saa saba.