Miaka kumi si miaka kumi na sita

Jumamosi nilikuwa harusini, pilau ndiyo kwanza imeletwa, mzee mmoja akasikia kwamba mimi ni afisa elimu kata. "Ala! Basi nisaidie, mwalimu. Si wamesema mtoto asiache shule kabla ya miaka kumi na sita? Mjukuu wangu katimiza mwezi uliopita, yuko la saba. Naweza kumtoa sasa akasaidie mtumbwini?"

Shikamoo tena mzee, lakini hapana. Na wewe ni wa nne mwezi huu.

Hakuna aliyepandisha umri. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya 2014, toleo la 2023, inataja elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi, minne ya sekondari. Hiyo kumi na sita watu wameipata kwa kujumlisha: mtoto anaanza la kwanza na miaka sita, ongeza kumi. Hesabu ya karatasini. Huku ziwani naandikisha la kwanza watoto wa miaka tisa, wanajua kuanika dagaa kuliko mimi. Huyo akimaliza kidato cha nne bila kurudia darasa ana kumi na tisa. Waingereza ndio wanaohesabu umri. Mwaka 1972 waliutoa 15 wakaupeleka 16. Sisi tunahesabu madarasa. Hata Sheria ya Elimu ya 1978 ilimtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi. Mpaka amalize, siyo mpaka aote ndevu.

Halafu "lazima" si "bure". Ada imefutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, sawa, lakini sare na daftari bado ni vya mzazi. Na anayebanwa na hiyo lazima ni mzazi, si mtoto: mwalimu mkuu anaandika barua, naipeleka kwa mtendaji, mama anaitwa ofisini na kichanga mgongoni.

Sheria ya ajira ya 2004 inamruhusu mwenye miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomzuia kusoma. Kuvuta wavu usiku ni kazi nyepesi? Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, na mahudhurio yangu yanapanda. Ukinipa daftari la mahudhurio la wavulana wa la sita, nitakuambia mwezi ulikuwaje. Wengine wanakuja hivyohivyo, wanalala juu ya dawati, na daftarini wana alama ya "yupo".

Hapo ndipo ninapojitilia shaka. Kijana mmoja nilimfuata mara tatu mpaka akarudi. Alimaliza la saba, na barua ya mistari mitano hakuweza kuisoma. Kwenye taarifa yangu yeye si mdondoko, yaani hakuacha shule, na nilipongezwa. Tukimwongezea miaka minne ya kukaa vilevile, sina hakika nani atafaidika.

Ya 2028 nitayaandika siku nyingine: msingi unatoka miaka saba kwenda sita, kwa hiyo la sita na la saba wa 2027 wote wanaingia kidato cha kwanza pamoja. Wakuu wa shule za sekondari, poleni mapema.

Mzee alisema amenielewa. Jumatatu nikapiga simu shuleni kumuulizia mjukuu. Hakuwa amefika. Usiku wa kuamkia siku hiyo ulikuwa wa giza.