James Harden na kikomo cha mishahara: dhana potofu kuhusu badilishano la 2012

Tarehe 27 Oktoba 2012, zikiwa zimebaki siku chache msimu mpya wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, uanze, timu ya Oklahoma City Thunder ilimpeleka mchezaji wake James Harden kwa timu ya Houston. Kwetu Afrika Mashariki habari hiyo ilitukuta alfajiri ya Jumapili, na kwa Watanzania ilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa Hasheem Thabeet alikuwa amejiunga na Thunder miezi michache tu kabla ya hapo. Thabeet na Harden walikuwa wamefuatana katika drafti ya 2009, ambapo timu huchagua chipukizi kwa zamu: kijana wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili na Memphis, Harden akachaguliwa wa tatu na Thunder. Wengi wetu tulikuwa tumeanza kuifuatilia timu ile kwa karibu, na ghafla mchezaji aliyekuwa ametoka kushinda tuzo ya mchezaji bora wa akiba wa ligi nzima hayupo.

Sababu iliyozagaa tangu siku ile ni moja: kikomo cha mishahara, yaani kiwango ambacho ligi imeiwekea jumla ya mishahara ya kila timu. Hadi leo, anayeuliza kwa nini timu iliwaachanisha Kevin Durant, Russell Westbrook na Harden, vijana watatu ambao kila mmoja baadaye alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi, hujibiwa kwa maneno hayo. Naona jibu hilo linabebeshwa mzigo usio wake, na kwa kulikubali haraka tunashindwa kuelewa jinsi ligi ile inavyofanya kazi.

Dhana: Harden aliuzwa

Neno hili tunalitoa kwenye soka, na ndilo chanzo cha mkanganyiko mwingi. Katika soka klabu humlipa mwenzake ada ya uhamisho, mchezaji hukubaliana upya na klabu mpya kuhusu mshahara, na asipokubali dili hufa. Katika NBA hakuna ada ya uhamisho. Timu hubadilishana mikataba: mchezaji huhama na mkataba wake uleule, na kwa kawaida haombwi ridhaa, isipokuwa wachache ambao mikataba yao inawapa haki ya kukataa. Fedha taslimu zinaweza kuongezwa juu ya badilishano, lakini kwa kiasi kidogo ambacho ligi imekiwekea mpaka.

Kwa hiyo Thunder hawakuingiza fedha kwa kumtoa Harden. Walimtoa pamoja na Cole Aldrich, Daequan Cook na Lazar Hayward. Wakapokea Kevin Martin, Jeremy Lamb, chaguzi mbili (haki za kuchagua chipukizi) za duru ya kwanza ya drafti na moja ya duru ya pili. Wengi hushangaa Aldrich, Cook na Hayward waliingiaje katika habari hii. Ni hesabu tu. Timu iliyo juu ya kikomo cha mishahara hairuhusiwi kupokea mishahara inayozidi sana ile inayotoa. Harden alikuwa bado katika mkataba wake wa kwanza, wa chini ya dola milioni 6 kwa msimu, wakati Martin alikuwa akilipwa zaidi ya milioni 12. Peke yake Harden, pamoja na ubora wake wote, asingetosha kwenye mizani. Ilibidi mikataba mingine iwekwe upande wake ili pande mbili zikaribiane. Hapo ndipo kikomo cha mishahara kilipogusa badilishano hili moja kwa moja: kiliamua umbo lake, si kutokea kwake.

Dhana: kikomo kiliwalazimisha

Hii ndiyo dhana kubwa. Msimu wa 2012-13 kikomo kilikuwa dola milioni 58 na kidogo. Msomaji akisikia neno kikomo anafikiri ni ukuta, kwamba timu ikifika hapo haiwezi kulipa hata senti moja zaidi. Sivyo. Tangu kikomo cha sasa kilipoanza msimu wa 1984-85, NBA imekuwa na mlango ulio wazi kwa timu inayotaka kumbakisha mchezaji wake yenyewe: inaruhusiwa kuvuka kikomo ili kumsainisha tena, kwa kanuni inayojulikana kwa jina la Larry Bird wa Boston. Kanuni iliwekwa kwa makusudi, ili timu isinyang'anywe mchezaji iliyemlea kwa sababu tu hesabu zimejaa. Thunder walikuwa na haki zote za kumlipa Harden mshahara wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa mchezaji wa umri wake. Hakuna kifungu kilichowazuia.

Kilichowabana ni mstari mwingine ulio juu ya kikomo, ule wa kodi ya anasa. Timu inayovuka mstari huo haizuiwi, bali hulipa ligi kwa kila dola iliyozidi, na sehemu ya fedha hizo hugawiwa timu ambazo hazikuvuka. Zamani hesabu ilikuwa nyepesi: dola moja juu ya mstari, dola moja ya kodi. Desemba 2011, baada ya wamiliki kuwafungia wachezaji milango kwa miezi kadhaa hadi msimu ukapunguzwa na kuwa wa mechi 66, yalipatikana makubaliano mapya yenye kodi ya ngazi, itakayoanza kutozwa msimu wa 2013-14. Milioni 5 za kwanza juu ya mstari zingetozwa dola 1.50 kwa kila dola, milioni 5 zinazofuata dola 1.75, kisha 2.50, kisha 3.25, na kuendelea kupanda. Timu inayolipa kodi mwaka baada ya mwaka ingeongezewa dola nzima katika kila ngazi.

Tuziweke namba mezani kama ambavyo bila shaka zilikaa kwenye meza ya meneja mkuu Sam Presti. Msimu wa 2013-14 Durant angelipwa takriban milioni 18, Westbrook karibu 15, Serge Ibaka zaidi ya 12, Kendrick Perkins kati ya 8 na 9. Ongeza karibu milioni 14 za Harden kwa mshahara wa juu, unafika kama milioni 67 kwa watu watano. Mstari wa kodi mwaka huo ulikuja kuwa milioni 71.7, na timu ilihitaji angalau wachezaji 13. Tuseme wengine wanane wanapatikana kwa bei ya kubana, milioni 12 kwa jumla. Timu inavuka mstari kwa milioni 7 na ushee, na kodi inakuwa karibu milioni 11.5. Harden wa milioni 14 sasa anaigharimu timu milioni 25 kwa mwaka mmoja, na mingi ya mikataba hiyo hupanda kila mwaka.

Ni fedha nyingi, hasa kwa jiji lenye soko dogo kama Oklahoma City, na sidhani ni haki kuwaita watu wale wabahili bila kuiona hesabu hii. Lakini bili hiyo haikuwa ya Oktoba 2012. Msimu ule wa 2012-13 Harden angeendelea kulipwa mshahara wake mdogo wa mkataba wa kwanza, na timu ingebaki chini ya mstari wa kodi. Mkataba ungemalizika Julai 2013, naye angekuwa mchezaji huru mwenye masharti, maana yake timu nyingine yoyote ingempa ofa na Thunder wangekuwa na haki ya kuifikia na kumbakisha. Walikuwa na mwaka mzima wa kugombea ubingwa na Harden kabla ya kuamua kama wako tayari kulipa.

Kwa nini basi hawakusubiri? Kwa sababu ya tarehe. Wachezaji waliochaguliwa 2009 walikuwa na hadi 31 Oktoba 2012 kusaini nyongeza ya mkataba. Mpokeaji aliyempata Harden kabla ya siku hiyo angeweza kumsainisha papo hapo na kuwa na uhakika wa kuwa naye kwa miaka, kwa hiyo alikuwa tayari kutoa zaidi. Baada ya siku hiyo thamani ya Harden sokoni ingeshuka, na Julai ingewakuta Thunder na njia mbili tu: kulipa, au kumwacha aende bure. Waliuogopa mlango huo wa pili. Nauelewa woga huo, lakini tuuite kwa jina lake: ulikuwa uamuzi, si amri ya sheria.

Dhana: ilibidi wachague kati ya Harden na Ibaka

Agosti 2012 Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, alisaini nyongeza ya miaka 4, na mara nyingi husemwa kwamba mkataba wake ndio uliomfukuza Harden. Ni kweli kwamba fedha zake zilikuwa kwenye hesabu ileile. Lakini makubaliano ya 2011 yaliipa kila timu nafasi moja ya msamaha: kumwachia mchezaji mmoja, kuendelea kumlipa mshahara wake, na kumwondoa kabisa katika hesabu ya kikomo na kodi. Perkins alikuwa mtu wa wazi wa nafasi hiyo, na timu isingevuka mstari kwa umbali ule. Thunder hawakuitumia nafasi hiyo kamwe. Hili ndilo jambo ambalo, kila ninapolirudia, hunifanya nishindwe kukubali kwamba njia zote zilikuwa zimefungwa.

Dhana: Harden aliweka tamaa mbele

Ofa ya Thunder iliyotajwa wakati ule ilikuwa takriban milioni 54 kwa miaka 4. Mshahara wa juu ungekuwa karibu milioni 60. Watu huona pengo hilo dogo na kumlaumu kijana. Wanasahau mambo mawili. Kwanza, Durant na Westbrook walikuwa wamepewa mishahara ya juu, na Harden, aliyekuwa tayari kuanzia benchi kwa ajili ya timu, ndiye aliyeombwa apunguze. Pili, chini ya makubaliano mapya timu iliruhusiwa kumpa nyongeza ya miaka 5 mmoja tu kati ya vijana wake walio katika mkataba wa kwanza, na nafasi hiyo Westbrook aliichukua Januari 2012. Harden asingeweza kupata zaidi ya miaka 4 pale hata angepiga magoti. Houston walimpa miaka 5, takriban milioni 80. Tarehe 31 Oktoba alifunga pointi 37 na kutoa pasi 12 za kufungia dhidi ya Detroit, mechi yake ya kwanza. Siku mbili baadaye akafunga 45 dhidi ya Atlanta. Aliyekuwa anasema hastahili mshahara wa juu alipata jibu ndani ya saa 48.

Dhana: aliadhibiwa kwa fainali za 2012

Harden alicheza vibaya dhidi ya Miami, akiwa na wastani wa pointi 12 na kidogo katika kipigo cha 4-1. Lakini timu inayomwadhibu mtu haimwekei milioni 54 mezani miezi minne baadaye.

Dhana: Thunder hawakupata chochote

Martin alikaa msimu mmoja akaondoka, Lamb hakufikia matumaini, na hapo wengi huishia. Ila moja ya chaguzi zile ilimleta Steven Adams mwaka 2013, aliyeshika nafasi ya katikati kwa misimu saba, na nyingine ikamleta Alex Abrines. Msimu uleule wa kwanza bila Harden, Thunder walishinda mechi 60 na kuongoza kundi la Magharibi la ligi. Walilipwa, hata kama malipo hayakulingana na walichotoa.

Dhana: wangebaki pamoja, ubingwa ungekuwa wao

Hapa napenda kuwa mwangalifu, kwa sababu mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa muda mrefu. Aprili 2013 Westbrook aliumia goti katika raundi ya kwanza, dhidi ya Houston hiyohiyo ya Harden. Thunder walivuka raundi hiyo lakini wakatolewa na Memphis. Msimu wa 2014-15 Durant alicheza mechi 27 tu kwa sababu ya mguu. Mwaka 2016 waliongoza 3-1 dhidi ya Golden State katika fainali ya Magharibi wakapoteza, na Durant akaondoka. Majeraha yasingemjali Harden yuko wapi. Ninachoweza kusema ni kwamba timu iliyompoteza Westbrook ingekuwa na mtu mwingine wa kushika mpira, na mtu huyo hakuwepo.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelijua mwaka 2012. Mkataba wa televisheni uliotangazwa 2014 ulikipandisha kikomo kutoka milioni 70 hadi zaidi ya milioni 94 ndani ya kiangazi kimoja, mwaka 2016. Mishahara iliyoonekana mlima ikawa kilima. Thunder wangehitaji kuibeba kodi kwa misimu mitatu tu, si milele.

Kwa anayetaka kuona badilishano lililofanywa kwa ajili ya mahesabu peke yake, mfano upo, nao unatuhusu. Agosti 2014 Thunder walimpeleka Thabeet Philadelphia pamoja na fedha kidogo, kwa chaguo la duru ya pili lililofungwa kwa masharti mazito. Siku chache baadaye Philadelphia wakamwachia. Hakuna aliyemtaka uwanjani katika dili lile. Kilichohamishwa ni mstari mmoja wa mshahara. Wapo Watanzania waliodhani kijana wetu amepata timu mpya, na iliuma kuwaeleza.

Presti bado ni meneja wa Thunder. Mwaka 2025 timu yake ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Indiana 4-3, ikiwa tena na vijana watatu wa kiwango cha juu: Shai Gilgeous-Alexander, Jalen Williams na Chet Holmgren. Sheria za sasa zinazibana timu zenye matumizi makubwa zaidi ya zilivyobana sheria za 2011. Julai 2025, ndani ya mwezi mmoja, Presti aliwasainisha nyongeza wote watatu.