Chuo cha uzamivu wa uchumi: anza na walikoajiriwa waliomaliza

Watu wengi huchagua chuo kwa orodha za ubora. Mimi hushauri uanzie mwisho: waliomaliza pale wako wapi sasa? Idara nyingi za uchumi huweka orodha ya ajira za wahitimu wake kwenye tovuti, mwaka kwa mwaka. Shida ni kuisoma.

Fungua miaka 5 ya karibuni. Yule mmoja aliyechukuliwa na chuo kikubwa mwache kwanza. Kama wahitimu ni 10, wapange kuanzia aliyepata kazi unayoitamani wewe hadi wa mwisho, kisha mwangalie wa 5 na wa 6. Hapo ndipo wewe pia una uwezekano mkubwa wa kuangukia. Halafu linganisha idadi. Idara ikidahili 20 na kuorodhesha ajira 12, haijadanganya. Imenyamaza tu kuhusu wale 8. Waulize wanafunzi wa mwaka wa nne: mlianza wangapi, mmebaki wangapi?

Baadhi huishia kwenye mitihani. Marekani mwaka wa kwanza ni maikro (uchumi wa watu na kampuni), makro (uchumi wa nchi nzima) na ekonometria (takwimu za uchumi), na mara nyingi mwishoni kuna mtihani wa kufuzu. Idara nyingine hudahili wengi zikijua mtihani utawachuja, nyingine huchukua wachache na kuwaruhusu kurudia. Uliza wanaofeli mara ya pili hupelekwa wapi.

Wengine hukwama kwa kukosa msimamizi, na hilo halionekani mapema. Programu ya Marekani huchukua miaka 5 au 6, na msimamizi utamhitaji hasa kuanzia mwaka wa tatu. Kufikia hapo, profesa msaidizi aliyekuvutia huenda amenyimwa ajira ya kudumu akaondoka, na yule mkongwe amestaafu. Kwa hiyo nisingekwenda mahali penye mtu mmoja tu wa fani yangu. Watatu ndio kiwango cha chini.

Tena wawe wanaosimamia kweli. Kila msimu wa kutafuta kazi, idara huweka kurasa za wahitimu watarajiwa pamoja na wasifu wao. Shuka hadi chini, kwenye majina ya wadhamini wanaowaandikia barua. Fanya hivyo kwa wahitimu wote wa fani yako, ukihesabu kila jina linatokea mara ngapi. Profesa mashuhuri asiyetokea hata mara moja ni pambo la tovuti, angalau kwako. Anayetokea kwa watu 7 kwa mkupuo naye mpigie hesabu: atakusoma saa ngapi?

Ulaya mpangilio ni tofauti. Vyuo vingi hutaka uzamili kwanza, na uzamivu wenyewe huwa miaka 3 au 4. Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara. Uingereza kudahiliwa ni jambo moja na ufadhili ni jingine, kwa hiyo soma barua zote mbili.

Kwenye barua ya ufadhili tafuta haya: posho ni ya miezi 9 au 12, imehakikishwa kwa miaka mingapi, bima ya afya analipa nani, utafundisha mihula mingapi, na mwaka wa 6 unalipiwa na nini. Ondoa kodi ya nyumba ya mji ule ndipo ulinganishe. Posho kubwa kwenye mji ghali inaweza kuwa ndogo kuliko ya jirani. Ofa isiyo na ufadhili kabisa mimi ningeikataa, hata jina liwe kubwa namna gani.

Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kutomlazimisha mwanafunzi kujibu ofa ya ufadhili kabla ya Aprili 15. Usikubali kuharakishwa. Kama uko kwenye orodha ya kusubiri, mwandikie mkurugenzi wa programu mapema Aprili kwamba ukipewa nafasi utaikubali, ikiwa ni kweli, kisha kaa karibu na barua pepe tarehe 14 na 15: wenye ofa nyingi huachia nafasi dakika za mwisho.